Hatari Yenye Mdomo

Jumatano, 4 Desemba 1968
Namenya ndizi tangu asubuhi. Vidole vyeusi kwa utomvu. Kazi ya likizo sijaigusa: Sista katupa maneno sita ya Kiingereza, kila neno sentensi moja, itoke kwenye maisha yetu na si kitabuni. Danger, threat, risk, hazard, peril, menace. Kamusi inasema hatari, hatari, hatari. Kamusi mvivu kama mimi.
Nimeanza na danger. Nyoka aliyejificha kwenye nyasi tunazotandika sebuleni. Hana chuki na mtu, hata hajui kama tupo.

Jumamosi, 7 Desemba
Baba mkubwa amekuja. Ta Laurenti, kaka wa marehemu Baba, mkuu wa ukoo. Mama akamletea kahawa za kutafuna kwenye kisahani. Akatafuna, akasema kuna mtu wa Kamachumu mwenye lori, ananitaka. Nisirudi shule Januari.
Mama akaokota ganda la kahawa lililoanguka.
Ndipo Baba mkubwa akamwambia Mama taratibu, "Adelina, hiki kibanja ni cha ukoo. Hukuzaa mwana wa kiume. Unakaa hapa kwa heshima yangu tu."
"Nimesikia, waitu," Mama akajibu kwa neno la heshima, macho chini.
Baba mkubwa akaomba kahawa nyingine. Sasa threat naijua. Ni hatari yenye mdomo, na mdomo wenyewe unatafuna kahawa yetu. Namchukia. Niliandika hivyo kwenye daftari la shule, nikafuta. Sista hapendi neno hilo.

Jumatatu, 9 Desemba
Sikukuu ya Uhuru. Kijiji kizima cha Kanazi uwanjani, ngoma, hotuba. Balozi wa nyumba kumi kapanda jukwaani: ardhi ni ya wote, unyonyaji basi. Mama alipiga makofi mpaka nikaona aibu.
Tumerudi tumekuta emilamula imepandwa. Mstari mmoja, kutoka kwenye mibuni mpaka nyuma ya jiko. Udongo bado mbichi. Kwetu mti huo ndio mpaka. Mkuu wa ukoo akishaupanda, hakuna anayeuliza. Upande wetu nyumba na choo. Upande wake kahawa, migomba mizuri yote, na kaburi la Baba.
Nilikosea Jumamosi. Threat haihitaji mdomo.

Jumanne, 10 Desemba
Mvua. Mama hajala. Nimemwambia basi nitaolewa, yaishe, yeye abaki na kibanja chake. Kanirushia mwiko. Umenipata begani.
Baadaye akasema Baba alikufa akitaja shule, hakutaja lori. Nimelia. Bega linauma pia.

Alhamisi, 12 Desemba
Tumekwenda kwa balozi. Huyuhuyu wa jukwaani. Kasema mambo ya ukoo yamalizwe na ukoo, na tusije tukaleta hatari kijijini. Tusije tukaleta sisi.
Menace: mjane mmoja na binti yake.

Ijumaa, 13 Desemba
Siwezi kukaa. Nafagia uwanja uliokwisha fagiwa. Kila nikitoka jikoni naiona ile miti. Mama anaipita kama haipo. Sielewi anawaza nini, na nina hasira naye.

Jumapili, 15 Desemba
Tumetoka misa. Njia imejaa watu. Mama hakubadili nguo. Na gauni lake la kanisani kachukua jembe, kaingia migombani, kang'oa mulamula wa kwanza. Kisha wa pili. Watu wakasimama njiani. Mwanamke hang'oi mpaka, sijawahi kusikia. Ma Paskazia, jirani yetu, alifanya ishara ya msalaba.
Hakuitupa. Aliibeba mpaka pembeni kabisa, kwenye mpaka wa zamani ambapo miti ya Baba ilikuwa imekauka, akaipanda upya. Akashindilia udongo kwa mguu. Akawageukia waliosimama. "Mpaka wa mume wangu ni huu. Mmeuona wote."
Wakaendelea na njia yao. Hakuna aliyebisha.
Risk ni hatari unayoijua kwa jina na kwa ukoo, na bado unachukua jembe.

Jumatano, 18 Desemba
Ta Laurenti kaja. Kaitazama miti kule pembeni, muda mrefu. Mama kamletea kahawa. Hakugusa. Kaondoka bila kuaga.
Kisahani bado kipo mezani. Mgeni kukataa kahawa ya nyumba! Afadhali angetukana. Naogopa. Sina neno la hili, labda ndiyo peril.

Jumapili, 5 Januari 1969
Bukoba, shuleni. Barabara ilikuwa utelezi, gari likayumba mpaka mama mmoja akaanza rozari. Hiyo hazard, maneno yametimia. Mama hakulia kunisindikiza. Nilimwambia nibaki. Kasema, "Nenda, usinicheleweshe na palizi."
Usiku huu analala peke yake.

Jumapili, 12 Januari
Ma Paskazia kapita na mkungu wa ndizi kutoka kwa Mama. Emilamula imeshika. Ina majani mapya. Baba mkubwa hajaonekana, wala hajatuma mtu.
Sista karudisha madaftari. Sentensi zote sita kaziandikia vyema. Chini ya risk kaandika kwa wino mwekundu: hii ni kweli? Nimejibu ndiyo.
Jioni katupa maneno mapya. La kwanza ni safety. Wenzangu wameshaandika na kwenda kula. Mimi nimeliacha wazi.