Ramani ya Kom Rihan

Kairo, 11 Machi 1997

Mama Mdogo Inshirah,

Salamu nyingi. Hujambo? Goti linaendeleaje? Mimi mzima. Kazi yangu ya shahada ya pili ya mipango miji inakaribia kwisha, na ni kwa msaada wako. Usingenishika mkono mlango kwa mlango, nani mtaani kwenu Kom Rihan angeniambia nyumba ipi ina hati ya umiliki na ipi haina? Niliwaahidi wakazi kwamba majibu yao yatakuwa siri. Profesa Lamlum, msimamizi wangu, anasema hajaona ramani kama yangu. Anakushukuru kwa chakula cha siku ile alipokuja kuuona mtaa.

Mwanao,
Shahinaz

Kom Rihan, Aleksandria, 2 Aprili

Mwanangu,

Salamu zimefika. Goti linauma, lakini natembea. Mwambie profesa wako kwamba njiwa wanne waliojazwa mchele kwa mtu mmoja si njaa, ni uvamizi! Halafu mkono wenye mafuta akaufutia kwenye pazia langu. Sikumfukuza kwa heshima yako tu. Jirani yangu Mama Wagdi anauliza: mmeshatuandika, mabomba ya majitaka yanakuja lini? Nimemjibu, "Subiri, binti yetu anasoma kwa ajili yetu."

Mama yako mdogo,
Inshirah

Kairo, 19 Septemba

Mama Mdogo,

Salamu. Natumaini u mzima. Mimi si mzima. Juzi nilikuta mezani kwa Lamlum ripoti aliyoiandikia kampuni ya ujenzi. Ramani yangu, jina lake. Nyumba zisizo na hati kazipaka rangi nyekundu, chini kaandika: "Uozo wa kuondolewa." Na madodoso yote, yenye majina na majibu ya watu, nilimkabidhi mimi mwenyewe!

Nikamuuliza, "Uozo? Si ulikula humo humo?"

Akacheka huku akichokonoa meno. "Usiniletee mambo ya jikoni, Shahinaz. Mwezi ujao itetee ramani mbele ya jopo la watahini, uchukue shahada yako, uende."

Namwonea kinyaa, hata kiti alichokalia. Nifanye nini?

Mwanao,
Shahinaz

Kom Rihan, 30 Septemba

Shahinaz,

Salamu. Hali yangu usiiulize. Barua yako imefika siku tatu baada ya tingatinga. Wameanza na nyumba ya Mama Wagdi. Afisa alikuwa na orodha, akamsomea maneno yake mwenyewe: "Ulisema baba mkwe wako alinunua kwa mdomo, bila karatasi." Hayo alikuambia wewe, sebuleni kwake, akikumenyea chungwa. Sasa nikipita, watu wanatema mate.

Huyo Lamlum ni funza. Na wewe, mwanangu, leo hata mwandiko wako unanichefua. Usije.

Inshirah

Kairo, 4 Novemba

Mama Mdogo,

Salamu, hata kama huzitaki. Nilisimama mbele ya jopo nikasema, "Watu hawa walinijibu kwa sababu niliwaahidi siri. Ahadi imevunjwa, na mimi nilishiriki. Ramani hii siitetei."

Lamlum akaniinamia sikioni, kinywa kinanuka sigara na kahawa iliyolala. "Mjinga wewe. Miaka mitatu unaitupa kwa ajili ya vibanda?"

Shahada sikupewa. Ripoti ile na maelezo yangu nimempa wakili, Bi Rawya, na hakimu amesimamisha ubomoaji mpaka kesi isikilizwe. Wenzangu wananiita shujaa. Nikilisikia neno hilo naondoka. Nyumba ya Mama Wagdi hairudi.

Mwanao, ukinikubali,
Shahinaz

Kom Rihan, 22 Desemba

Mwanangu,

Salamu. Mimi mzima. Tingatinga limeondoka, alama za minyororo yake zimejaa maji machafu na inzi, na harufu imeingia mpaka kwenye shuka. Mama Wagdi anakaa chumba changu cha nyuma. Nilimsomea barua yako. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Karatasi tena? Kwani hana miguu?"

Basi njoo Alhamisi ya pili ya Januari. Utamwomba radhi mwenyewe, uani, majirani wakisikia. Watakutukana, wengine hawatakuangalia. Mimi nitasimama kando yako, lakini sitakusemea.

Mama yako mdogo,
Inshirah