Chale zangu kabla ya zako

Mjukuu wangu Ester,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku ziwani hatujambo. Babu yako anaanika usipa, dagaa wetu wa huku, na mjomba wako wa Mbinga safari hii kahawa yake kaichukua mnunuzi binafsi.

Umeniuliza kama ni ujinga kukataa kurudi zahanati ya chuo, baada ya muuguzi kuwaita wenzake watazame chale za dawa kifuani kwako, akisema watu wa ziwani bado wako porini. Si ujinga, mama. Nilipokuwa msichana, daktari Mzungu alizigusa zangu kwa ncha ya kalamu, akawaita wageni wake waje waone. Nikatoka na homa yangu, nikaapa sitarudi.

Homa ilipozidi, shangazi yangu hakunigombeza. Kwetu mgonjwa haendi peke yake, basi akanishika mkono tukaingia wote. Kabla sijaguswa, akafungua blauzi yake, akamwonyesha daktari kifua kilichojaa chale.

"Anza kutazama hapa," alimwambia. "Ukimaliza, umtibu mtoto."

Daktari akainamisha macho, akanipima, akanipa dawa. Sijampenda mpaka leo, lakini nilipona.

Hicho kikohozi ulichonieleza kinaninyima usingizi. Siku hizi mabasi ni mengi, sitakosa nafasi. Jumatatu nitapanda basi pale Kitai, na nikifika tutaingia wote. Blauzi yangu ya vifungo nimeshaifua.

Bibi yako