Weusi Chini ya Macho Yangu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Natumai barua hii inakukuta mzima na goti limekupa nafuu. Sisi hapa hatujambo. Mkweo anakusalimu, na mjukuu wako anasema shikamoo bibi, ingawa mdomo wake umejaa mkate.

Mama, ule weusi ulioniona nao kwenye picha umeanza kuondoka. Unajua nilivyohangaika nao. Niliweka vipande vya tango, nikaweka vijiko vya baridi, nikalala chali na vifuko vya chai machoni kama maiti anayesubiri wageni. Wanafunzi wangu wakanibandika jina la Miwani, na miwani yenyewe sijawahi kuvaa.

Jumatatu moja asubuhi, nikijiandaa kwenda shule, mama mkwe aliniita dirishani penye mwanga. Akanishika kidevu, akavuta chini kope ya jicho langu, akasema ndani ni kweupe pe. Nikamwambia ni usingizi tu. Akanijibu kwamba usingizi naulala kuliko paka wake, nichukue mkoba twende zahanati.

Daktari aliniuliza kama nahema nikipanda ngazi, nikakubali. Akaniuliza kama natamani kula vitu visivyo chakula, nikakataa katakata. Mama mkwe akakohoa. Akafungua pochi, akatoa vipande vitatu vya chaki vyenye alama za meno, akaeleza kuwa huviokota mifukoni mwangu kila anaponifulia nguo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Ndiyo mama, mwanao mwalimu alikuwa anakula chaki. Nyeupe tu, za rangi hazina ladha. Mwalimu mkuu ameshawagombeza darasa la nne mara mbili kwa kuziiba, na nimekwenda kumweleza ukweli ili watoto wa watu wasafishwe jina.

Walipopima, damu ilikuwa chini mno. Daktari alisema wengine huzaliwa na weusi huo na wengine huupata kwa kukesha, lakini wangu umetokana na kukosa madini ya chuma, na hata hamu ya chaki imetoka hukohuko. Tena chai niliyokuwa nashushia kila mlo ilizuia hata kile kidogo kilichomo kwenye chakula. Sasa nameza vidonge, nakula maini, maharage na mboga za majani, na chai naiweka mbali na sahani.

Mama, sasa nafika kwenye kosa langu. Uliponiuliza kuhusu ile picha, nilikwambia mama mkwe ananiamsha alfajiri nimfulie, na kwamba nakula wa mwisho. Ulikuwa uongo mtupu. Nilikuwa nachoka hadi nashindwa kufagia chumba, nikaona aibu, nikatafuta wa kumtwisha lawama. Wewe ukaniamini, ukaapa hutakanyaga kwake.

Sikujua kama ulimwandikia. Juzi, nikitafuta vidonge, niliikuta barua yako kwenye droo, kurasa nne za maneno makali. Niliisoma nikiwa nimekaa sakafuni, kisha nikamfuata jikoni nikilia, nikamwomba radhi. Alisema ilimchoma sana, na alikuwa ameshashika kalamu akujibu. Lakini alipofika ulipoandika kwamba macho yangu yamezama kama ya mgonjwa, akaona kuwa wewe umeliona kwenye picha jambo ambalo yeye, anayekaa nami nyumba moja, hakuliona. Akaweka kalamu chini, akaniita dirishani.

Kwa hiyo mama, nakushukuru kwa barua ile, na yeye namshukuru kwa kuisoma hadi mwisho. Ninyi wawili mmeniponya. Hasira yako ni haki yangu mimi, nitaipokea yote. Ila nakusihi umwandikie tena. Hajaniomba nikwambie hivyo, na ya kwanza hajamwonyesha mtu, hata mwanawe.

Nisalimie baba na shangazi, na majirani wote wanaoniulizia.

Ni mimi mwanao, mwenye kosa na mwenye afya.