Baba Hataki Mchuzi

Mdogo wangu Yanqing,

Huku Longxi hatujambo, ila Baba amenichosha! Jasho linamtoka hata akiwa amekaa, na kila upepo ukivuma anashikwa na mafua. Wagonjwa wake angewaambia kinga imelegea, upepo unaingia mwilini bila hodi. Mimi nampikia mchuzi wa kuku kwa mizizi ya huangqi, ile dawa yake ya kuimarisha kinga, yeye anaumwaga. Jana alinifokea:

“Nani kasema naumwa?”

“Jishike mshipa wa mkono basi usikie unavyopiga, si wewe ndiye tabibu?”

Akaninyooshea mkono.

“Nishike wewe. Vidole vyangu vimekufa ganzi, havisikii mshipa wa mtu yeyote.”

Nikamshika kama alivyotufundisha.

“Unapiga kwa unyonge, Baba.”

“Haya, lete huo mchuzi wako.”

Akamaliza bakuli zima. Usimwambie nimekueleza habari za vidole. Njoo tu.

Dada yako,
Suzhen