Gombo Lisifunguliwe

Al-Naseem, Riyadh
12 Mei 2024

Mama mpendwa,

Shabat shalom, ingawa leo ni Jumapili na Shabati yenyewe sikuiona. Goti linaendeleaje? Mdogo wangu Lois je, na wote wa sinagogi? Mimi mwili ni mzima. Naandika kwa simu ya Fred Omondi, dereva wa nyumba hii, kwa kuwa yangu madam ameifungia.

Mama, nina hasira. Lois alinitumia picha ya Ijumaa yenu, na nani namwona mezani na kipande cha kwanza cha mkate uliousuka wewe? Jackton wakala! Aliniapia mbele ya sanduku la Torati kwamba nitafundisha chekechea Jeddah na Jumamosi nitapumzika. Niko Riyadh, nasugua nyumba ya madam na ya dada yake, na kupumzika ni mafi, hakuna. Mnamlisha kwa nini?

Mwanao,
Rita

Nyumbani
26 Mei 2024

Rita mwanangu,

Salamu nyingi. Goti linauma mvua ikinyesha, mengine ni salama.

Usinikasirikie. Desturi yetu unaijua: anayebisha hodi Ijumaa jioni haulizwi ametoka wapi, na mgeni hula kwanza. Hata sisi tulipokelewa hivyo, baba yako alipofukuzwa na ndugu zake. Mzee Paul hutuhubiria kwamba Torati imetuamuru tumpende mgeni, maana tulikuwa wageni Misri. Jackton huja mapema, hupanga viti. Anasema makosa ni ya ofisi ya huko. Na Lois naye amepata nafasi kupitia kwake. Pasipoti tayari anayo Jackton. Atasafiri baada ya Sikukuu ya Vibanda, mtakuwa wawili, mtatiana moyo.

Mama yako

Jeddah
4 Agosti 2024

Mama,

Mko salama? Mimi si salama. Nilikawia kwa sababu Fred alikuwa safarini, kisha tukaletwa huku nimhudumie mama yake madam. Naazimwa kama kinu. Chekechea za Jeddah nimeziona, kupitia dirisha la gari.

Mwambie Mzee Paul mgeni ni mimi. Mimi ndiye nisiyeulizwa nimekula nini. Jackton ni mwenyeji, mlango wenu anaujua mpaka bawaba. Ukarimu gani huu, wa kumkaribisha fisi, na akishamla mbuzi mnamkabidhi wa pili?

Unamkumbuka Pauline mjane, mashemeji walipomnyang'anya shamba? Gombo la Torati lilipotolewa, alisimama akasema lisifunguliwe. Ni haki ya kila mmoja wetu, mwanamume kwa mwanamke: aliyedhulumiwa huzuia kusoma mpaka asikilizwe. Mimi niko mbali. Simama wewe. Najua unaogopa kusema mbele za watu. Hata mazishi ya Baba ulinituma mimi. Lakini Lois akipanda ndege, usiniandikie tena. Sitakuwa na mama.

Dada yake Lois

Nyumbani
25 Agosti 2024

Rita, mwanangu bado,

Shalom. Nilinyamaza kwa sababu sikuwa na la kukuambia kabla sijalifanya. Shabati ya kwanza nilisimama, nikaketi. Walidhani ni goti.

Jana Mzee Paul alipolitoa gombo, nilienda nikaweka mkono juu ya kitambaa chake. Nikasema, "Lisifunguliwe." Nikarudia kwa sauti zaidi. Akaniuliza dai langu.

"Mwanangu anafanya kazi Shabati," nikasema, "na aliyemuuza ameketi hapa na mkate wangu mdomoni."

Jackton alicheka, akasema tukaongee nje, tusimwaibishe Mungu. Pauline akamwambia Mungu ameshaaibishwa, na si na mimi. Mzee akanisihi asome kwanza, dai tulisikilize jioni. Nilikataa. Mimi, mama yako, nilikataa, na sijui miguu ile niliitoa wapi.

Pasipoti ya Lois, ambayo Jackton alidai iko ofisini, kumbe ilikuwa nyumbani kwake. Shabati ilipokwisha aliileta, akadhani yamekwisha. Nikamwambia bado. Mkataba wako aliuleta yeye, na yeye ndiye atakayekurudisha. Leo alfajiri Mzee Paul amefuatana naye kwenda ofisi ya wakala Nairobi. Mzee ameapa hatarudi bila karatasi yako ya kusafiria.

Jackton hatujamfukuza. Kiti chake kipo, aje akikalie tumwangalie. Lakini gombo limerudishwa sandukuni bila kusomwa, na litakaa humo mpaka ushuke uwanja wa ndege. Wengine wananung'unika kwamba nimewanyima Torati. Waache. Wewe umenyimwa mengi zaidi.

Lois yuko hapa jikoni, anakanda unga. Niandikie.

Mama yako