Anayeimba Sauti ya Pili

Kwihara, Tabora

Dada Mektilda,

Shikamoo. Huku mvua imechelewa na karanga zimesinyaa, ila mbuzi wako amezaa mapacha. Nisalimie shemeji na watoto.

Mama anakula vizuri. Asubuhi ndiyo hatulii, anatafuta mlango wa nyumba tuliyohama zamani. Basi namwekea kwenye simu nyimbo za kwaya yetu ya parokia, zile tulizorekodi kabla sijaacha kuimba ili nimuuguze. Hapo anatulia kabisa. Anafumba macho, mikono mapajani, anasikiliza kama mtu anayesali. Ukigusa sufuria tu, anakukaripia. Nami nimejifunza kukaa kimya nisikilize naye. Ndiyo raha tuliyobaki nayo.

Jumapili, ubeti wangu ulipofika, akanishika mkono. "Sikia! Huyo anayeimba sauti ya pili ni Dafrosa, mwanangu."

"Mama, Dafrosa ni mimi."

Akanitazama kwa huruma, kama anayemtazama mgeni aliyekosea nyumba. Dada, nikaimba. Ubeti uleule, pale pale mkekani. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Unamwiga vizuri," akasema. "Yeye yuko wapi siku hizi? Mbona haji kuniona?"

Nikamjibu yuko njiani.

Njoo, dada, usikawie. Ila jiandae. Tuliporekodi ulikuwa umeshaolewa huko Igunga. Sauti yako haimo.

Mdogo wako,
Dafrosa