Jiwe Lako la Kileleni

Nyangoto,
S.L.P. 114,
Tarime.
Jumapili, 23 Juni 1991

Mpendwa Shangazi Felistas,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mguu uliokuwa ukivimba umepoa. Sisi hatujambo. Mama anavuna ulezi, na Awino amepona malaria, ameanza tena kunifichia vitabu. Mimi niko darasa la saba na bado nikiulizwa swali naangalia viatu vyangu.

Shangazi, nina habari kubwa mpaka sijui nianzie wapi. Ni kuhusu shule ya zamani, ile uliyosoma wewe. Kijiji kizima kinasubiri neno lako!

Tangu tuhamie kwenye madarasa mapya, mle hamna mtu, kwa hiyo huwa naenda kujisomea. Nilidhani ni nyumba kuukuu tu. Kisha Mwalimu Luciana, aliyehamia hapa kutoka Bukoba, akaniazima kitabu cha majengo ya kale, na sasa naiona kwa macho mengine. Kuta ni za mawe ya kilima, nene kama urefu wa mkono wangu, zimeshikwa kwa udongo wa kichuguu na kupakwa chokaa. Baraza limezunguka pande zote ili jua lisiingie darasani. Juu ya madirisha kuna matundu madogo ya kutolea hewa ya moto, ndiyo maana ndani kuna ubaridi hata mabati yakiwa yanawaka. Katika madarasa yetu ya saruji tunasinzia kwa joto. Na mbao za paa zimeunganishwa kwa vigingi vya mti! Nilipanda juu ya dawati kutafuta msumari, sikuona hata mmoja.

Tuliipima nyumba yote, Mwalimu akaandika kwa watu wa Mambo ya Kale. Wamejibu! Mtaalamu atakuja mwezi wa nane. Akiikuta imesimama kama ilivyojengwa, ataipendekeza ilindwe kwa sheria, asiivunje mtu yeyote. Siku hiyo nilikimbia mpaka kisimani, nikafika bila ndoo.

Lakini dhahabu imeingia kati. Kuna mchimbaji kutoka Shinyanga, anaitwa Mayunga, amepanga chumba nyuma ya shule. Alichukua jiwe lililolegea kwenye ngazi ya baraza akalifanya figa. Moto ulipokolea likapasuka, na ndani likang'aa. Akalitwanga, akaosha unga wake kwenye karai, ikabaki rangi ya njano kidogo. Kabla ugali wake haujaiva, nusu ya kijiji ilikuwa imemzunguka.

Unajua kuta zile zilivyojengwa: kila mzazi alileta mawe kwa jina la mtoto wake atakayesoma pale. Basi kesho yake watu walikuja na chaki na mkaa, kila mmoja anaandika jina kwenye jiwe analosema ni la kwao. Jiwe moja lilikuwa na majina matatu. Hata Faustino, aliyekuja juzijuzi kutafuta dhahabu, akaandika lake.

Mama Waitara akamwambia, "Wewe umeshuka kwenye basi mwezi uliopita. Hilo jiwe lako lilipanda basi gani?"

Watu walicheka sana, lakini nyundo walikuwa nazo mikononi.

Mzee Wangwe akaita litongo, baraza la wazee, palepale shuleni. Swali lilikuwa: nani aanze kutoa jiwe lake? Mseti alitaka aanze yeye, na jiwe lake liko chini ya dirisha.

"Bwana we," Mayunga akamwambia, "shimoni kwetu anayechokonoa chini harudi kwake jioni. Anza juu."

Mwalimu Luciana akanisukuma nisimame, kwa kuwa niliipima nyumba. Shangazi, nilisimama! Nikasema ingebidi waanze na paa, kisha jiwe la kileleni juu ya mlango, lile jeupe lenye msalaba, maana ukuta wote uko chini yake.

"Na hilo ni la nani?" Mzee Wangwe akauliza.

Akainuka Mzee Nyamhanga, aliyebeba mawe yale alipokuwa kijana. "Ni la Oduol, baba yake Okal, babu wa huyu Amondi. Alilipandisha mwenyewe, akasema ni la binti yake Felistas. Mtoto hana hata jino, jiwe lake linakalia la kwangu! Mpaka leo nina hasira."

Mseti akasema mwanamke aliyeolewa Migori, huko Kenya, hawezi kuzuia mawe ya Tarime. Mzee Wangwe akamjibu, "Kilichotolewa kwa jina la mtoto hakiguswi bila ruhusa yake, maadamu yu hai. Tukichukua la Felistas kwa nguvu, kesho tutachukua la kwako." Kila mtu akaangalia jiwe lake. Wakaamua nyundo zirudi nyumbani mpaka wewe useme. Mseti alipokuwa anatoka akaniinamia: "Shikamoo, wenye shule!"

Sasa, Baba ameniagiza nikuombe ukubali. Anasema mabati ya jikoni yameoza na ukuta haulishi mtu. Nimeliandika ombi lake kama alivyotaka. Nikamwambia kwamba nami ninalo langu, nikadhani atakasirika. Alichokonoa meno, kisha akasema, "Andika yote mawili. Jiwe ni la dada, si langu."

Langu ni hili, Shangazi: kataa. Kataa kwa maneno makali, kwa maandishi, na utie sahihi, maana Mzee Wangwe atayasoma mbele ya watu. Na kama mguu unaruhusu, uje mwezi wa nane, mtaalamu akuone.

Nampa barua hii Simioni, anayevusha maharage mpakani Sirari. Amesema atarudi Alhamisi, na mimi nitamsubiri barabarani.

Msalimie sana Baba Ouko, na Ouko mwenyewe. Mama, Baba na Awino wanakusalimu. Mungu akulinde na nyumba yako yote, akupe mkono usiotetemeka, uandike neno moja tu: hapana.

Mtoto wa kaka yako, anayekupenda sana,
Amondi